Joto Elfu Thelathini na Saba na Mia Tano

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimetukanwa na mwanamke wa Kitui mbele ya mayai mia moja na kumi na mawili. Naandika ili ijulikane baadaye nani alikuwa na haki.

Mimi Abdulaziz, mzaliwa wa Jomvu Kuu, miaka arobaini na mmoja, ndiye mwangalizi wa kompyuta katika kituo cha Bi Samiha cha kutotolea vifaranga, hapa Junda. Kompyuta yenyewe ni ndogo, yakaa kiganjani, lakini ndiyo inayoendesha mashine nzima. Mfumo endeshi wake nimeuweka mimi. Ni mimi niliyeufundisha kuandika, kila dakika, faili moja iitwayo "hali": joto la ndani, unyevu, umeme, mlango. Faili hiyo husomwa na programu iitwayo Mlezi. Mlezi akiona joto limeshuka, huwasha hita. Likipanda, huizima na kuwasha feni. Mlezi ameandikwa na Mwende, ndiye huyo wa Kitui, anayekaa Changamwe na kuja hapa mara mbili kwa wiki na mkoba mgongoni kama mtu anayepanda mlima.

Sasa. Asubuhi Bi Samiha alitazama skrini, akauliza hii 37500 ni kitu gani. Nikamjibu ni joto. Akauliza ni joto la wapi, la Jahannamu? Nikamweleza kwamba kompyuta imekata kila digrii vipande elfu ili isihangaike na nukta. Agawanye kwa elfu atapata thelathini na saba na nusu. Bi Samiha akasema hakufungua biashara ya kuku ili aje kufanya hesabu za kugawanya.

Haki yake! Nikasema nitairekebisha. Ndipo Mwende, bila hata kuinua macho, akasema nisiiguse. Ile faili ni ya programu kusoma, akasema, si ya watu.

Si ya watu! Faili niliyoiandika mimi, mtu!

Nitaipamba. Apende asipende.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeanza kwa adabu. Hata mtu akiingia nyumbani kwa watu hubisha hodi. Faili yetu ilikuwa ikianza kwa kumtupia msomaji tarakimu usoni. Nikaweka mstari mmoja tu juu kabisa: RIPOTI YA HALI YA MASHINE, KITUO CHA JUNDA. Nyota kumi na mbili kila upande. Ukapendeza, wallahi.

Baada ya dakika moja king'ora kikalia.

Kikalia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Mlezi alikuwa amesoma mstari wa kwanza akitafuta joto, akakuta nyota. Amegoma. Bi Samiha akampigia Mwende simu, Mwende akaja kwa bodaboda kutoka Changamwe, amejaa vumbi na hasira.

Akasema nimevunja programu yake. Nikamuuliza swali moja tu: programu yake inajuaje kwamba mstari wa kwanza ni joto? Akasema kwa sababu ndio wa kwanza. Nikamuuliza, neno "joto" si limeandikwa palepale, mwanzo wa mstari? Mbona hailisomi? Kwa nini inahesabu mistari, kama kipofu anayehesabu milango ya mtaani, na siku jirani akiongeza mlango anaingia chumbani kwa mke wa mtu?

Akavuta kiti.

Mwende hakubisha! Akafungua kompyuta yake, akaandika kwa dakika kumi, kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hapo nina pointi. Sasa Mlezi hutafuta jina la kitu kwanza, halafu ndipo husoma thamani yake. Nyota zangu zimebaki.

Nimeomba pointi yangu niandikiwe kwenye karatasi. Amekataa. Basi naiandika hapa: Abdulaziz moja, Mwende bila.

Alhamisi, 11 Septemba

Amekuja Bi Kafedha wa Shanzu, mwenye mayai.

Lazima nieleze. Haya si mayai ya kununua dukani. Ni mayai ya kuchi, wale kuku warefu wa kwetu pwani, wenye shingo kama mlingoti na jicho la hakimu aliyekwisha kukata shauri. Bi Kafedha alirithi mbegu yake kwa mama yake, akaifuga mwenyewe miaka ishirini na tatu. Mwezi wa nane kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia bandani. Kwa siku sita kuku wote wakafa, majogoo na matetea, akawafukia mwenyewe. Kilichobaki duniani cha mbegu ile ni mayai mia moja na kumi na mawili aliyokuwa ameyaweka kando, ndani ya kapu la pumba. Yameingia mashine tarehe thelathini Agosti. Yatatotolewa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini, inshallah.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akaketi mbele ya mashine kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa wodini. Akaitazama skrini. Kichwa cha habari kimempendeza, akasema mwenye kuandika haya amelelewa. Halafu akauliza, hii elfu thelathini na saba ni nini, mbona yanitisha?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nalishughulikia.

Na kuna jambo jingine. Jumatatu wanakuja wafugaji ishirini wa Shanzu kutembelea kituo, Bi Kafedha akiwa kiongozi wao. Bi Samiha amesema mmoja wetu atazungumza mbele yao kuhusu mashine: mimi au Mwende. Ataamua Jumamosi. Mwende! Mtu anayesema "mayai imefika"! Atasimama mbele ya watu wa Shanzu kuwaambia mayai imefika!

Haiwezekani. Haitawezekana.

Jumamosi, 13 Septemba

Kikao. Bi Samiha, Mwende na mimi, chai na mahamri.

Mwende amekuja na pendekezo. Faili mbili. Moja ya programu, tupu kabisa: jina, alama ya sawasawa, tarakimu, basi. Nyingine ya watu, niipambe nitakavyo. Niweke nyota, niweke maua, nikitaka niweke mashairi. Bi Samiha akasema hilo ni wazo zuri sana, kila mtu apate chake.

Nikasimama. Nikasema: ukweli ni mmoja, kwa nini uwekwe nyumba mbili? Leo faili mbili zinakubaliana. Kesho moja itasema thelathini na saba, nyingine thelathini na tisa. Hapo tutamwamini nani? Tutaita mashahidi? Faili iwe moja, iandikwe kwa lugha ya binadamu, na programu zijifunze kusoma. Mimi nilijifunza kusoma. Hakuna aliyeniandikia faili yangu peke yangu.

Mwende akasema mimi nina akili, na programu haina, ndiyo tofauti. Nadhani hilo ndilo jambo zuri zaidi alilopata kuniambia, nami nikakosa nafasi ya kulifurahia kwa sababu Bi Samiha alikuwa amekwisha kuamua. Faili mbili. Niitengeneze hiyo ya watu kabla ya Jumatatu, na ile ya programu nisiiguse.

Nikasema inshallah.

Kuna inshallah ya kukubali na kuna inshallah ya kuachia mambo yalivyo. Bi Samiha ni mtu wa pwani, angepaswa kuzitofautisha kwa sikio.

Lakini nitazungumza mimi! Mwende amesema mwenyewe hapendi kuhutubia watu. Ushindi, ingawa umekuja kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika nimejinyoosha kitandani. Si kwa majuto. Kwa uchovu wa kupepea.

Asubuhi nilikuja mapema, nimevaa kanzu mpya. Dakika chache kabla ya saa nne nikafungua mfumo, nikaenda palepale panapoandikwa joto. Nikafuta 37500. Nikaweka 37.5. Faili ileile moja, jina lilelile moja, "joto". Nikasema moyoni: Mlezi anatafuta jina, jina lipo, atakuwa na tatizo gani? Na kwa kuwa sikutaka wageni wasumbuliwe na kelele kama za Jumanne, nikazima king'ora. Hiyo ni adabu kwa wageni. Mtu yeyote angefanya hivyo.

Wageni wakaja saa nne. Nikaanza. Nikawaeleza mfumo endeshi ni nini: ni mwenye nyumba, na programu ni wapangaji, na mwenye nyumba muungwana huwaambia wapangaji habari kwa lugha safi. Watu wakatikisa vichwa. Nikawaonyesha skrini: Joto, 37.5. Wakapiga makofi! Mzee mmoja akasema sasa hii hata yeye anaisoma.

Nikatazama tena, 38.2. Nikaendelea. Nikatazama, 39. Nikawaambia wageni mashine imefurahi kuwaona. Wakacheka. Nami nikacheka.

Mwende, aliyekuwa nyuma ya watu, hakucheka. Aliitazama ile 39, nukta na yote, akanitazama mimi. Akaanza kupenya katikati ya watu.

Alichokijua yeye na nisichokijua mimi ni hiki. Mlezi amezoea kupewa vipande elfu, kwa hiyo kila tarakimu anayosoma huigawanya kwa elfu. Alisoma 37.5, akagawanya, akapata kitu karibu na sifuri. Akaamini mayai yameganda barafu. Akawasha hita kwa nguvu zote, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo alivyozidi kuona ni barafu tupu. Akapiga king'ora kuomba msaada. King'ora nilikuwa nimekizima.

Kabla Mwende hajafika mbele, Bi Kafedha alikuwa amekwisha kusimama. Alifungua mlango wa mashine, akatwaa yai moja, akaliweka juu ya kope ya jicho lake, kama walivyokuwa wakipima mama zetu. Akasema neno moja tu.

"Yanaungua."

Mwende akapiga kelele kutoka upande wa pili:

"Abdul! Guza hiyo swichi! Guza swichi!"

"Gusa," nikamwambia. "Ni kugusa, si kuguza."

Najua. Najua! Lakini lugha haina likizo.

Swichi niliigusa. Hita zikazimika. Arobaini nukta moja. Tukafungua milango yote na madirisha, wageni ishirini wakapepea kwa leso, kwa vipepeo vya ukindu, kwa kofia, mimi kwa kanzu yangu mpya, nimebaki na shuka. Bi Kafedha hakupepea. Alikuwa amesimama na lile yai kiganjani, akilitazama.

Kwa dakika ishirini na tano hivi joto lilikuwa baya. Mwende akairudisha 37500 kwa mikono yake mwenyewe. Hakuniangalia.

Hotuba sikuimaliza. Nilikuwa nimebakisha sehemu nzuri.

Jumanne, 16 Septemba

Mwende amebandika karatasi ukutani. Mambo matatu, kwa herufi kubwa.

La kwanza: kila kitu mstari wake, jina na thamani, hakuna mapambo katikati. La pili: kipimo kijulikane, na kisibadilike. La tatu: jina la zamani lisipewe maana mpya, mwenye kutaka kitu kipya aongeze jina jipya, aliache la zamani kama lilivyo, kwa sababu kuna anayelitegemea ambaye hatumwoni.

Nimelisoma la tatu mara nyingi kuliko nilivyopenda. Lina ukweli wa kuudhi. Kama ningeongeza mstari mpya, "joto la watu, 37.5", na kuuacha ule wa zamani, Mlezi asingejua hata kama nimekuja kazini. Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu. Mbele za watu nimesema karatasi yenyewe imebandikwa ikaenda upande.

Na imeenda upande.

Bi Samiha hajanifukuza. Amesema ataamua baada ya Jumamosi, akiona nini kimetoka ndani ya mayai. Angenipigia kelele ingekuwa nafuu.

Bi Kafedha alikuja tangu asubuhi. Akaketi kwenye kigoda mbele ya mashine, tasbihi mkononi, mpaka alasiri. Nikampelekea chai. Nikamwambia, Bi Kafedha, niwie radhi kwa yaliyotokea, ingawa kimsingi nilikuwa sahihi kuhusu usomekaji wa faili.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuja kujua nani alikuwa sahihi. Watatoka, hawatatoka?"

Nilisimama pale na sinia mikononi kama mtumishi wa hoteli aliyesahau meza.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya kumulika. Chumba kikafungwa mapazia, tukashika yai mojamoja mbele ya tochi. Aliye hai huonekana: kivuli kikubwa, mishipa, na ukingoja kidogo, anatikisika. Aliyekufa hatikisiki.

Mwende alimulika, mimi niliandika, Bi Kafedha aliyapokea. Hatukuzungumza ila tarakimu. Tisa hayakutikisika. Mengine kumi na moja hatukuwa na hakika nayo, tukayarudisha.

Tulipofika yai la sitini hivi nikagundua Mwende anamulika yai lilelile mara ya pili. Nikamwambia apumzike, nimulike mimi. Akanipa tochi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye ana kosa: Mlezi angepaswa kukataa tarakimu isiyowezekana. Junda hakuna barafu. Programu yenye akili ingesema hii haiwezi kuwa kweli, ingezima kila kitu na kuuliza.

Nikamwambia ni kweli, ana kosa.

Alikuwa akinitazama kama mtu anayengoja niseme la pili. Nilitaka kulisema. Kisha Bi Kafedha akasema yai linalofuata, tukaendelea.

Abdulaziz mbili. Nimeifuta. Sijui niandike ngapi.

Jumamosi, 20 Septemba

Wametoka!

Wa kwanza alitoboa ganda saa moja na robo asubuhi. Tulimsikia kabla ya kumwona: sauti nyembamba ndani ya yai, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Bi Kafedha akasema "Abee!" kama kwamba ameitwa yeye kwa jina. Akalia machozi. Bi Samiha akalia. Mwende akasema ni vumbi la manyoya.

Mpaka jioni, themanini na sita. Themanini na sita, kati ya mia na kumi na mawili! Miguu mirefu, shingo tayari zimeanza kiburi. Ishirini na sita hawakutoka. Bi Kafedha aliyakusanya mayai yale ndani ya kapu, akayafunika kwa leso, akaondoka nayo mwenyewe bila kusema ni wangapi wangekufa hata hivyo na wangapi ni wangu. Mwende anasema hata mashine nzuri hupoteza kumi, kumi na tano. Mimi sikuuliza. Yeye ndiye aliyesema, bila kuulizwa.

Kifaranga mmoja alitoboa yai kutoka upande usio wake, ule mwembamba, akahangaika kwa saa tano, akakataa kusaidiwa, akatoka matako mbele, amelowa, akamdonoa mwenzake. Bi Kafedha amempa jina la Abdulaziz. Watu walicheka. Mimi nilisimama wima. Si kila mtu ana kuchi mwenye jina lake, mbegu safi, miaka ishirini na tatu.

Bi Samiha akasema nibaki kazini.

Jumatatu, 22 Septemba

Kuna sharti. Bi Samiha ameniandikia hati, Mwende akiwa shahidi, kwamba sitabadilisha katika faili ile mistari minne: joto, unyevu, umeme na mlango. Nimesoma kwa makini. Nimetia sahihi kwa wino wa buluu. Nikawaambia mtu muungwana hutimiza kila neno alilotia sahihi. Mwende akanipa mkono. Nikaupokea. Kwa kweli si mtu mbaya, ukimzoea.

Mchana tukapokea mayai mapya, mia tatu ya bata, ya watu wa Jomvu Kuu, watu wa kwetu. Yakaingia mashine. Bata hutaka kugeuzwa kwa saa maalumu, na Mlezi amewekewa ratiba yake, asubuhi, mchana na usiku.

Baada ya chakula nikaketi kuitazama faili, kwa macho tu. Nikaona mstari wa tano. Ulikuwepo siku zote, sikuwahi kuutilia maanani: saa. Umeandikwa 14:00.

Saa kumi na nne! Nani pwani hii amewahi kula saa kumi na nne? Nani ameposa, nani amezika, nani ameweka miadi saa kumi na nne? Jua liko pale, kila mtu anajua ni saa nane. Mashine iliyopo Junda, inayolea bata wa Jomvu, imeamka leo inasoma saa za watu tusiowajua.

Nimeisoma tena hati. Joto, unyevu, umeme, mlango. Saa haimo.

Nimerekebisha. Mfumo sasa unasema saa 8:00, kama unavyosema ulimwengu. Safari hii king'ora nimekiacha wazi, mtu asije kusema sijifunzi.

Kinalia sasa hivi. Na Mwende amepiga simu mara nne. Sipokei. Kwanza nimalize kuandika, halafu nitamweleza, polepole, kwa Kiswahili sanifu, kwamba ni yeye anayepaswa kuirekebisha programu yake.